Waayalandi na Desturi Zao: Watu Wasio na Neno la Ndiyo wala Siyo

Wako wasomaji wengi waliokwisha kuonana na Mwayalandi wakamdhania kuwa Mwingereza. Huenda alikuwa padre wa misheni, au mtawa wa Loreto, au mwalimu wa shule ya sekondari. Edel Quinn, aliyefika Nairobi mwaka 1936 kueneza Jeshi la Maria na akafia huko mwaka 1944, alikuwa Mwayalandi. Bradha Colm O'Connell, aliyekuja Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia na hatimaye akawalea wakimbiaji wanaojulikana dunia nzima, naye ni Mwayalandi. Kisiwa chao kiko magharibi ya Uingereza. Sehemu yake kubwa ni Jamhuri inayojitawala, na kaunti 6 za kaskazini zingali katika Ufalme wa Muungano. Ukimwita mtu wa Jamhuri Mwingereza atakusahihisha kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili upole utapungua.

Nia ya makala haya si kueleza siasa za kisiwa hicho, bali zile desturi ndogo ndogo za kila siku ambazo wenyewe huzicheka, wakisema kwamba hazipatikani pengine po pote. Kama ni kweli hazipatikani pengine, msomaji ataamua mwenyewe. Jambo nililoliona mimi katika kuzikusanya ni kwamba Mwayalandi hapendi kumwendea mtu moja kwa moja. Huzunguka, kama mgeni anayekohoa uani ili mwenye nyumba apate nafasi ya kujitengeneza. Mtu asiyelijua jambo hilo atafikiri kwamba watu hawa hawasemi kweli, naye atakosa chai, na atakosa ng'ombe, na pengine atakosa marafiki pia.

Tuanze na lugha. Lugha yao ya asili, Kiayalandi, haina neno moja lenye maana ya "ndiyo" wala neno moja lenye maana ya "siyo". Ukimwuliza mtu, "Umemwuza ndama?" hujibu, "Nimemwuza," au "Sikumwuza." Siku hizi wengi wao husema Kiingereza katika shughuli zao zote, Kiayalandi hufundishwa shuleni, na wanaokitumia nyumbani kila siku ni wachache, hasa katika sehemu za pwani ya magharibi. Lakini tabia ya lugha ya zamani imehamia katika lugha mpya. Mwulize Mwayalandi kwa Kiingereza kama mvua inanyesha, naye atakujibu, "Inanyesha." Neno la mkato hulikwepa bila kufikiri.

Salamu zao nazo zina mzunguko. Katika Kiayalandi mtu husalimu kwa kusema, "Mungu awe nawe," na mwenziwe hujibu, "Mungu na Maria wawe nawe," maana si adabu kurudisha salamu pungufu ya ile uliyopewa. Aliyepita penye watu wanaofanya kazi shambani ilimpasa kuiombea kazi yao baraka ya Mungu. Aliyepita kimya alidhaniwa kuwa na kijicho.

Baada ya salamu hufuata habari za mvua, nazo hazikosi kamwe. Upande wa mashariki wa kisiwa hunyesha siku kama 150 kwa mwaka, na sehemu za magharibi hufikia siku 225. Mkulima wetu angefurahi kwa hesabu hiyo, walakini huko mvua ni ya baridi na majani ya mifugo huoza kabla hayajakauka. Hata hivyo, siku ya manyunyu yasiyokoma wao huiita siku "laini". Hawaisemi vibaya, kwa kuwa kesho yaweza kuwa mbaya zaidi.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana humo ndimo mgeni hupotea kabisa. Mgeni akifika, mwenyeji humkaribisha chai, na mazungumzo huenda hivi:

"Utakunywa kikombe cha chai."

"La, ahsante, nimekwisha kunywa nyumbani."

"Kikombe kimoja tu."

"La, la, usisumbuke, mimi napita tu."

"Si usumbufu, maji yamekwisha chemka."

"Basi, tone dogo, nitalinywa nikiwa nimesimama."

Baada ya hapo mgeni huketi muda wa saa nzima, akanywa vikombe vitatu na kula mkate. Hapa ndipo neno la kukataa linapotumika kwa wingi, na hapa ndipo lisipokuwa na maana yake. Mwafrika au Mmarekani akisema, "La, ahsante," kwa ukweli wa moyo wake, mwenyeji atamwuliza tena na tena, na mgeni ataona anasumbuliwa. Na akikaribishwa katika nyumba hizo yeye mwenyewe akapokea mara ya kwanza, hakuna atakayemlaumu, lakini watu wataona kwamba amefanya haraka. Wenyewe hulifanyia mzaha jambo hili. Katika mchezo wa televisheni ulioitwa Father Ted, ulioonyeshwa kuanzia 1995 hadi 1998, yumo mtumishi wa nyumba ya mapadre, Mrs Doyle, ambaye kazi yake kubwa ni kuwalazimisha watu chai.

Maelezo ninayoyaona kuwa ya akili ni haya. Mgeni hajui kama kuna majani ya chai ndani ya kopo. Akikataa mara ya kwanza amempa mwenyeji mlango wa kutokea: kama kopo ni tupu, mwenyeji aweza kusema, "Basi, siku nyingine," na hakuna aliyeaibika. Kama kopo lina kitu, ataomba mara ya pili na ya tatu, na hapo mgeni ajue kwamba anapewa kwa moyo.

Na watu hawa waliijua njaa. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na maskini wengi wa mashambani walitegemea chakula kimoja tu, viazi. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, vikaoza ardhini, na shida ikaendelea mpaka mwaka 1852. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda meli kwenda Marekani na kwingineko. Hata leo hesabu ya watu wa kisiwa kizima haijarudi pale ilipokuwa mwaka 1841. Sisemi kwamba kila kikombe cha chai kinakumbusha viazi vile. Nasema tu kwamba mahali ambapo jirani aliweza kuwa hana kitu huku amefunga mlango wake asionekane, watu hujifunza kuuliza na kujibu kwa uangalifu.

Chai yenyewe wanaipenda mno. Katika kunywa chai kwa hesabu ya kila kichwa, Waayalandi ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1941, serikali ilikata kipimo cha chai hata kikawa nusu wakia kwa mtu mmoja kwa juma, yaani kiasi cha gramu 14. Waziri aliyeshughulikia ugawaji huo, Seán Lemass, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, watu walimbandika jina la "Nusu Wakia". Na hapa iko habari inayowahusu wakulima wetu. Wauzaji wa chai wa huko, kama Barry's wa mji wa Cork walioanza mwaka 1901, huchanganya majani ya Assam pamoja na majani ya Kenya na Rwanda. Basi mchuma chai wa huku kwetu hawezi kujua jani lake limekataliwa mara ngapi kabla ya kunywewa.

Mzunguko huu waonekana vizuri zaidi katika biashara ya mifugo. Kabla ya minada ya ng'ombe kuenea tangu miaka ya 1950, wakulima walipeleka mifugo yao kuiuza barabarani mjini siku ya gulio. Gulio la farasi la Ballinasloe, katika kaunti ya Galway, hufanyika hata leo kila mwezi wa Oktoba. Mnunuzi hamtazami mnyama anayemtaka. Humtazama wa jirani. Halafu huuliza bei kama mtu anayeuliza njia. Muuzaji hutaja bei kubwa, mnunuzi hucheka akaondoka, naye hujua kwamba ataitwa. Ndipo hujitokeza mtu wa tatu, dalali ambaye hakutumwa na ye yote. Huwavuta wote wawili kwa mikono, akiwahimiza waigawe tofauti yao nusu kwa nusu. Mikono hupigana kofi, mara nyingine baada ya kutemewa mate, na kofi hilo likipigwa neno limekwisha. Hakuna karatasi wala mhuri. Aliyerudi nyuma baada ya kofi asingepata mtu wa kuuziana naye katika gulio lililofuata.

Lakini halijaisha bado. Muuzaji akishapokea fedha zake hutoa kidogo akamrudishia mnunuzi, nayo huitwa peni ya bahati, ili mnyama afanikiwe mikononi mwa mwenyewe mpya. Kiasi chake nacho huweza kubishaniwa. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya hesabu, nilijiuliza kwa nini hawapunguzi bei tangu mwanzo, yakaisha. Nadhani sababu ni kwamba bei ni ya mfukoni na peni ni ya ujirani, na wao hawataki vitu hivyo viwili viingie katika tarakimu moja.

Mkulima huyo huyo usimwulize ana ekari ngapi au ng'ombe wangapi. Swali hilo kwao ni sawa na kumwuliza mtu fedha zake zilizoko benki. Wazee husema kwamba zamani, wakati ardhi ilipokuwa ya mabwana na mkulima ni mpangaji tu, aliyetengeneza shamba lake likapendeza aliongezewa kodi. Sheria za ardhi zilizofuatana, hasa ile ya mwaka 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua mashamba, walakini mdomo uliozoea kufungwa haukufunguka. Ukimwuliza hali, hata kama mavuno yamejaa ghala, atasema, "Si mbaya sana." Ukimsifu mwanamke kwa vazi lake zuri, mara moja atakueleza kwamba ni la bei rahisi tu, amelinunua Penneys, maduka yaliyoanza Dublin mwaka 1969 na kujulikana kwa bei zao za chini. Kujisifu ni aibu kubwa huko. Naona wakati mwingine wamepita kiasi, maana mtoto asiyesifiwa kamwe huweza kukua bila kujua kwamba ana akili.

Hata vita vyao vya ardhi walivipigana kwa kuzunguka. Mwaka 1880, karibu na ziwa la Mask katika kaunti ya Mayo, alikuwako msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja, jina lake Kapteni Charles Boycott. Wapangaji waliomba wapunguziwe kodi, na walipokataliwa hawakumpiga. Waliacha tu kumwona. Wafanya kazi wake walitoka shambani, maduka yakakataa kumwuzia, na barua zake zikakosa mtu wa kuzipeleka. Ilibidi waletwe watu kiasi cha 50 kutoka kaskazini kuja kuvuna viazi na mazao yake mengine, wakilindwa na askari wengi, hata gharama ya ulinzi ikapita mbali thamani ya mavuno. Kabla ya mwaka kwisha Kapteni aliondoka nchini. Jina lake likabaki katika Kiingereza kuwa neno la kumsusia mtu.

Habari ya miti ni ya kuchekesha, nami naieleza kwa kifupi. Uko mti wa miiba wenye maua meupe ambao, ukiota peke yake katikati ya shamba, wazee walisema ni wa watu wasioonekana, na atakayeukata atapatwa na msiba. Mwaka 1999, barabara kubwa ilipokuwa ikitengenezwa huko Latoon, kaunti ya Clare, mti mmoja wa namna hiyo ulikuwa katika njia. Msimulizi wa hadithi za kale, Eddie Lenihan, aliandika gazetini kuutetea, na mti ukaachwa barabara ikapita kando. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliukata matawi kwa msumeno wa mashine, lakini ukachipua tena. Ukimwuliza mkulima wa Clare kama anaamini mambo hayo atakwambia haamini, lakini jembe lake halitaugusa mti. Vivyo hivyo maboma ya udongo ya watu wa kale, ambayo yako kwa maelfu katika mashamba yao, mengi yamesalimika kwa sababu wenye mashamba waliogopa kuyalima. Wataalamu wa mambo ya kale wapaswa kuushukuru woga huo.

Desturi moja siisifu. Watu wakiingia baa pamoja, kila mmoja hununua vinywaji vya wenziwe wote kwa zamu. Aliyekuja kunywa bilauri moja, akiwa na wenziwe watano, atanunuliwa tano, naye hawezi kutoka kabla ya zamu yake bila kuitwa bahili. Ni ukarimu, ndiyo, lakini ni ukarimu unaomfunga mtu kamba. Wao wenyewe wameuona ubaya wake tangu zamani. Padre Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu waache pombe mwaka 1838, na mwaka 1898 Padre James Cullen akaanzisha chama cha waliojinyima pombe kabisa, ambao huvaa beji ndogo kifuani. Beji hiyo ilikuwa na faida yake: aliyeivaa hakuhitaji kukataa kwa maneno.

Kuna mambo mengine madogo. Katika njia nyembamba za mashambani, dereva huinua kidole kimoja cha shahada juu ya usukani kumsalimu kila anayepishana naye, amjue au asimjue. Mkono mzima ungekuwa makelele. Abiria akishuka basi humshukuru dereva kwa sauti, hata wanafunzi. Katika simu hawaagani mara moja; neno la kwaheri hurudiwa mara tano au sita, kila mara kwa haraka zaidi, huku simu ikiondoka sikioni. Na saa kumi na mbili jioni redio na televisheni ya taifa hupiga kengele ya sala ya Malaika wa Bwana kabla ya habari, desturi iliyoanza katika redio mwaka 1950. Wengine husali, wengine hungoja habari tu.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo Mwayalandi halizunguki, nalo ni kifo cha jirani. Mtu akifa, tangazo husomwa katika redio ya wilaya, na tangu mwaka 2005 iko tovuti iitwayo RIP.ie ambayo watu wengi huifungua kila asubuhi kuona nani amefariki. Mazishi hayakawii, aghalabu siku ya pili au ya tatu. Marehemu hulazwa nyumbani, hasa katika mashambani, naye haachwi peke yake usiku kucha. Zamani saa ya ukutani ilisimamishwa na vioo vikafunikwa. Majirani huleta viti, mikate na vikombe, na mara nyingine wao ndio wachimbao kaburi, kama walivyosaidiana zamani katika kuvuna majani na kukata udongo wa kinamasi wa kuwashia moto. Kusaidiana huko wanakuita *meitheal*. Mkikuyu angekuita ngwatio.

Wanaokwenda msibani si ndugu na marafiki peke yao. Huenda mtu aliyesoma na mtoto wa marehemu, na aliyemwuzia ng'ombe mara moja miaka kumi iliyopita, na mbunge, na hata mtu ambaye hakumjua marehemu kamwe ila hufanya kazi na dada yake. Hakuna anayewauliza wamefuata nini. Wafiwa huketi katika mstari, na kila aliyekuja humshika mkono mmoja mmoja, akisema maneno machache yale yale ya kuwapa pole kwa taabu yao. Mtu ambaye mwaka mzima hajajibu swali lo lote moja kwa moja hapo hunyosha mkono wake na kusema alilojia. Ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba huonana hapo, na si mara chache mkono huo ukawa ndio mwisho wa kesi.

Jambo hili lilijaribiwa vikali mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na serikali ikaamuru mazishi yasizidi watu 10. Kwa watu wa namna hii ilikuwa kama kukatazwa chakula. Wengine walidhani desturi ingekatika. Majirani walisoma matangazo, wakajua saa ya gari la maiti kupita, wakatoka wakasimama ukingoni mwa barabara, kila nyumba mbele ya lango lake, mbali mbali kama walivyoagizwa. Gari lilikwenda polepole likapita kati yao. Mahali pengine mstari huo ulianza nyumbani kwa marehemu ukafika hata kanisani, na hapakuwa na mkono ulioshikwa. Vizuizi vilipoondolewa walirudi katika mistari yao ya zamani.

Wakenya wanaoishi Ayalandi si wachache siku hizi. Wako wauguzi, wako wanafunzi, wako waliooa na kuolewa huko. Mwenzetu aliyehamia karibuni akisikia jirani yake amefiwa, asingoje kualikwa, kwa kuwa kwa kawaida hakuna mwaliko. Avae nguo za heshima, aende saa iliyotangazwa, asimame katika foleni. Akifika kwa wafiwa ataje jina lake na nyumba anayokaa, awape mkono, aseme pole yake kwa maneno machache, asogee. Chai italetwa.